Majina Sita ya Kompyuta Moja

Kila asubuhi ya mwezi wa Juni, kabla ya kwenda shule, Delfina Choque alimshika bibi yake mkono na kumpeleka nyuma ya nyumba, mahali viazi vilipoachwa nje usiku kucha vigandishwe na baridi. Bibi Saturnina alivua viatu, akapanda juu ya viazi na kuanza kuvikanyaga ili kuvikamua maji, vikauke vipate kuwekwa mwaka mzima. Kazi hiyo haikuhitaji macho. Nyayo zake zilijua kiazi kilichokwisha kukauka na kile ambacho bado kina maji, naye alikanyaga taratibu, fimbo mkononi, akiuliza kila mara jua limefika wapi.

Yeye mwenyewe alikuwa halioni tena. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuharibika kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, uliokaa miaka mingi bila kutibiwa. La kulia lilibakiwa na ukungu mweupe tu. Nesi Gregoria wa zahanati alisema hilo la kulia linaweza kuokolewa kwa upasuaji, lakini likicheleweshwa sana litafuata njia ya mwenzake. Wazazi wa Delfina walikuwa São Paulo wakishona nguo kiwandani, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, bibi na mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu, pamoja na llama wao watatu, wanyama wa manyoya wafananao na ngamia wadogo.

Mwaka huo bahati ilielekea kuwafikia. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya mkoa kwa wiki moja, kupasua watu bila malipo. Nesi Gregoria alikwisha kupima jicho la Bibi na kuandika vipimo vyote kwenye karatasi. Lililobaki ni kuviingiza katika orodha iliyokuwa ndani ya kompyuta ya hospitali, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Saa sita ikigonga, orodha ingejifunga yenyewe. Majina ya kutajwa kwa simu hayakukubaliwa, kwa sababu mwaka uliopita karani alisikia vibaya na mzee mmoja nusura apasuliwe jicho lake lililo zima. Na kwenda mjini hakukuwezekana: tangu Jumatatu wachimba migodi walikuwa wameifunga barabara kwa mawe na matairi yanayowaka, wakidai haki zao, na hakuna gari lililopita.

Basi tumaini lote lilikuwa kwenye kompyuta ya kijiji chao, Challuma, iliyokaa kwenye meza ndogo pale zahanati. Ukiiwasha na kuandika neno la siri, unaingia katika kompyuta kubwa ya hospitali, kilomita mia moja na ishirini kutoka hapo, ukafanya kazi kana kwamba umeketi mbele yake. Vijiji saba viliingia kwa namna hiyo.

Kompyuta hiyo ilikuwa mali ya kijiji kizima, nacho kiliitunza kama kinavyotunza kila kitu chake, kwa zamu. Kila mwezi familia moja ilikabidhi na nyingine ikapokea. Siku ya makabidhiano watu walikusanyika, wakaifunga mashine karatasi za rangi, wakainyunyizia pombe kidogo pembeni, wakatupa majani ya koka na kula nyama ya llama. Tena walitaka ikabidhiwe ikiwa safi, maana hakuna familia inayotaka kurithi mikosi ya familia nyingine. Kusafisha huko kulikuwa na sehemu mbili. Mama wa nyumba inayokabidhi alifuta vumbi kwa kitambaa kipya. Delfina, aliyekuwa hodari wa kompyuta kuliko mtu yeyote kijijini, alifuta kila kitu kilichokuwa ndani, akaiwekea programu zake upya na kuipa jina la familia inayopokea. Nesi Gregoria, ambaye ni mtu wa mjini, alikuwa akiona zile karatasi za rangi na kutabasamu. Yaliyofanyika ndani ya mashine hakuna mtu mzima aliyeyajua sawasawa.

Delfina alipenda sana siku hizo. Wazee waliokuwa hawamjali walimwita fundi. Kwa hiyo hata siku zisizo za zamu, mashine ikizubaa kidogo tu, aliifuta yote na kuianza upya, kisha akaipa jina lolote lililomjia kichwani. Ikarudi kuwa nyepesi, watu wakamsifu, naye akazidi kuvimba kichwa.

Jumatano ya wiki hiyo zamu ilitoka kwa familia ya Limachi ikaenda kwa familia ya Ticona. Delfina alifuta, akapanga upya, akaandika jina TICONA. Nyama ililiwa. Alhamisi asubuhi Nesi Gregoria aliketi mbele ya mashine akiwa na karatasi ya vipimo vya Bibi, akaandika neno la siri, na mara kioo kikajibu kwa maandishi mekundu kwamba kompyuta hii haina leseni ya kuingia, na kwamba leseni zimekwisha.

Nesi alijaribu tena mara tatu. Halafu akampigia simu Injinia Wilfredo Yujra, fundi wa kompyuta wa hospitali, akaweka sauti kubwa ili Delfina naye asikie. Injinia alieleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi. Hospitali ina leseni kumi. Kila mashine ya kijiji ikiingia mara ya kwanza hupewa moja, nayo hukaa nayo kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kuomba upya. Vijiji ni saba, leseni kumi, kwa hiyo tatu ni za akiba. Lakini sasa zote kumi zimechukuliwa, na vijiji viwili, Wilakota na Pampa Uta, vimefungiwa nje tangu juzi.

"Challuma ni cha tatu," alisema. "Nesi, nikuulize. Kuna mtu ameifuta hiyo mashine yenu? Maana mashine ikifutwa, huku kwangu inaonekana mpya kabisa. Inapewa leseni nyingine, ile ya zamani inabaki imeshikwa bure. Mtu akifanya hivyo mara mbili tatu anawanyang'anya wenzake bila kujua."

Nesi Gregoria akamgeukia Delfina. "Ati mwanangu, mmewahi kuifuta?"

Kila kitu kilimjia mara moja: zile zamu, zile siku alizofuta bila sababu, wazee wanaomwita fundi, na Bibi anayesubiri nyumbani. Alijua jibu. Aliliona wazi kama anavyoona meza iliyo mbele yake.

"Hapana, Nesi," alisema. "Tunaifuta vumbi tu."

"Haya," alisema Injinia. "Basi kosa liko huku. Nina majina sita kwenye orodha siyajui, bila shaka ni mashine za wodini. Nitazitafuta moja moja. Msikate tamaa."

Siku nzima ya Alhamisi ilipita hivyo. Nesi alipiga simu adhuhuri, akaambiwa Injinia yuko wodi ya watoto anakagua kompyuta. Alipiga saa tisa, akaambiwa yuko maabara. Saa kumi na moja alijibu mwenyewe, sauti imemkauka, akasema amepita wodi zote za chini bila kupata hata moja, na kesho ataanza ghorofa ya juu.

Delfina alipotoka zahanati alimkuta Rolando Ticona, mwanafunzi mwenzake, ameketi ukutani. Rolando ndiye aliyeshika tochi siku ya Jumatano wakati Delfina anafuta mashine, kwa sababu taa ya chumba ilikuwa imeungua.

"Fundi mkuu, vipi leo? Mashine imekukana?"

Delfina hakuwa na hamu ya utani. Alimweleza yote, hata ule uongo. Rolando aliacha kucheka.

"Sasa sikiliza, usiseme kitu," alisema. "Ukisema, watasema zamu yetu ndiyo iliyoharibu, baba yangu atapigwa faini mbele ya kijiji. Yule Injinia ana akili, atapata njia yake."

"Na asipopata?"

"Asipopata, hata ungesema ingekuwa bure."

Maneno hayo yalimpa nafuu kidogo, na nafuu hiyo ilimwaibisha. Nyumbani Bibi alikuwa ameketi mlangoni, amekwisha kutoa kutoka sandukuni ile sketi yake nzuri ya kijani na kofia ya kuendea mjini. Alisema atavaa hiyo siku ya upasuaji. Aliuliza kama jina lake limekwisha kuingia. Delfina akajibu kwamba mashine ina shida ndogo, wataitengeneza. Bibi akaipapasa sketi, akaikunja tena. Delfina alikula supu yake bila kujua ladha yake.

Ijumaa hakwenda shule. Saa tatu alikuwa zahanati. Maandishi mekundu yalikuwa palepale. Saa nne kijana mmoja alikuja mbio kumwita Nesi Gregoria: dada yake ameshikwa na uchungu wa kuzaa huko bondeni. Nesi akachukua mkoba wake, akamwachia Delfina simu na karatasi ya vipimo.

"Injinia akipiga, mwambie uko tayari," alisema. "Mlango ukifunguka, ingiza kama nilivyokufundisha. Usikosee jicho. La kulia."

Delfina akabaki peke yake na mashine. Kila baada ya dakika tano alijaribu, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Alifikiria kuifuta tena, akaona ni upuuzi, kwa kuwa huko hospitali hakuna leseni hata moja ya kupewa. Saa tano na robo simu ililia.

"Nesi?"

"Nesi ameitwa kwa mzazi. Ni mimi, Delfina."

"Aa, binti." Injinia Yujra alikuwa akihema, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. "Mwambie Nesi nimeshindwa. Nimepita hospitali nzima, mpaka chumba cha maiti nimeingia. Nimeuliza karani mmoja anayeitwa Limachi kama mashine yake ina jina lake, akanicheka. Namtafuta Huanaco, hayupo. Namtafuta huyu Kapitani, wananiuliza kama tumeanza kupokea wanajeshi. Usiku sikulala. Nadhani programu yenyewe ya leseni imeharibika, na siwezi kuitengeneza kabla ya saa sita. Niwieni radhi. Waambie wagonjwa wenu waniwie radhi."

Delfina aliweza kuvumilia mambo mengi, lakini hakuweza kuvumilia kuombwa radhi. Kamasi na machozi vilimtoka pamoja.

"Injinia, Kapitani ni llama wetu."

"Llama?"

"Kapitani, Pankara na Chaskita ni llama wetu," alisema tena. "Niliifuta mashine, nikaipa majina yao. Limachi na Huanaco na Callisaya ni familia za zamu. Kila zamu naifuta. Zote sita ni zetu. Ni mashine hii moja. Jana nilidanganya."

Alisikia vidole vikigonga vibonye upande wa pili, muda mrefu. Injinia aliporudi kusema, hakufoka, na Delfina angependa zaidi kama angefoka.

"Ungeniambia jana asubuhi," alisema, "ningeomba leseni za nyongeza kutoka La Paz. Inachukua siku moja tu. Leo hii zingekuwa hapa."

"Sasa je?"

"Sasa naruhusiwa kuzinyang'anya mbili tu kati ya hizo sita. Programu hairuhusu zaidi kwa wakati mmoja. Zingine mpaka muda wake wenyewe uishe." Akapumua. "Vijiji vitatu viko nje, leseni ni mbili. Wilakota wana wagonjwa sita. Pampa Uta wanne. Nyinyi mna wangapi?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini na tano. Zahanati hapakuwa na mtu mwingine. Nesi yuko bondeni, Injinia hawezi kuona daftari la wagonjwa, na neno moja tu, saba, lingetosha. Delfina alilisikia likiwa tayari mdomoni. Aliiona ile sketi ya kijani. Aliona pia mtu asiyemjua akipanda na kushuka ngazi za hospitali siku mbili, akimtafuta Pankara.

"Mmoja," alisema. "Bibi yangu."

Injinia aliuliza, "Umesema kweli?"

"Kweli. Mmoja tu."

"Basi naomba uelewe, binti," alisema polepole. "Nikimaliza hawa, kama kuna njia yoyote, nitajaribu."

Njia haikuwapo. Wilakota waliingia saa tano na dakika arobaini, Pampa Uta dakika kumi baadaye, na majina kumi yakaandikwa. Injinia alikimbia kwa daktari aliyesimamia orodha kumwomba aandike jina moja kwa mkono. Daktari akamwonyesha karatasi yenye amri ya kukataza, akasema anasikitika. Delfina alikuwa bado anajaribu neno la siri kwenye mashine wakati saa sita ilipogonga. Alijaribu tena saa sita na dakika moja, na tena, mpaka Nesi Gregoria aliporudi, mikono ikinuka sabuni, akaona uso wake na kuuzima umeme wa mashine mwenyewe. Delfina alimweleza kila kitu. Nesi aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa akaangalia sakafu. Alisema mtoto wa bondeni amezaliwa salama.

Yaliyofuata yalikwenda vizuri, kama mambo yanavyokwenda vizuri yakiwa yamechelewa. Barabara ilifunguliwa Jumapili. Jumatano Injinia Yujra alikuja Challuma yeye mwenyewe, kijana mwembamba kuliko sauti yake. Alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akaeleza habari ya leseni, na kwamba ameomba zibadilishwe, zihesabiwe kwa mtu anayeingia badala ya mashine. Watu walikubali kwamba zamu iendelee, nyama iliwe na pombe inyunyizwe, lakini ndani ya mashine asiguse mtu. Jina la familia yenye zamu lingeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Delfina naye alisimama akasema alichofanya. Alisema yote, ila hakumtaja Rolando. Baba yake Rolando ndiye aliyesema kwamba hakuna atakayepigwa faini, kwa kuwa wote walitaka mashine safi. Rolando aliangalia viatu vyake mkutano mzima.

Bibi Saturnina hakuhudhuria. Delfina alimkuta juu ya viazi, anakanyaga. Siku ile ya Ijumaa alikwisha kumwambia kwamba nafasi imepotea na kwa nini, na Bibi alikuwa ameinuka akaingia ndani. Siku tano zilipita wakizungumza habari za mifugo na kuni tu. Sasa Delfina alisimama pembeni, akasema mkutano umekwisha, mashine imetengenezwa, vijiji vyote vinaingia.

"Wale wa Wilakota wamekwisha kupasuliwa?" aliuliza Bibi.

"Wanaanza kesho. Na wa Pampa Uta."

"Watu kumi."

"Ndiyo, Bibi. Kumi."

Bibi alikanyaga kidogo, maji ya viazi yakamtoka kati ya vidole. Delfina akasema kwamba madaktari watarudi mwaka ujao. Bibi akajibu kwamba Nesi amemwambia hivyo, na amemwambia pia kwamba jicho halikuahidi kusubiri.

"Njoo hapa karibu," alisema. "Kufuta ile mashine hukujua ubaya wake. Kwa hilo sikulaumu. Sote tulikutuma, hata mimi nilikula nyama ya zamu ya Limachi nikajilamba vidole. Na Ijumaa ulipoulizwa wagonjwa ni wangapi, ulisema kweli, na kweli hiyo imeninyima jicho langu. Kwa hilo pia sikulaumu, ningekuchapa kama ungesema vingine." Akanyoosha mkono mpaka akaupata uso wa mjukuu wake, akaushika. "Lakini Alhamisi asubuhi ulijua. Yule kijana wa hospitali alikuuliza kitu ulichokijua, ukamwambia hakipo. Ana macho mawili mazima, na siku mbili alipapasa kuta kama mimi. Mimi nimepofushwa na ugonjwa, Delfina. Yeye alipofushwa na wewe. Mtu akikuuliza njia, usimfanyie hivyo tena. Hata ukiogopa. Ukiogopa ndipo hasa usimfanyie."

Delfina alisema hatafanya tena. Alilia, na Bibi alimwacha alie, hakumnyamazisha. Kisha akamwuliza jua limefika wapi.

"Limefika juu ya zizi, Bibi."

"Vua viatu basi, unisaidie. Viazi bado vingi, na mwaka mzima utakuwa unaniambia wewe jua limefika wapi."